Karani Aliyesikiliza Diski

Tarehe kumi na moja Januari 2007, siku ya Alhamisi, tulimpoteza Karani. Siku moja kabla yake tulikuwa tumepoteza chumba cha darasa letu Kangemi. Habari ya kifo chake ilinikuta nimekaa uani juu ya kasha la kompyuta, nikijiuliza mvua ikinyesha nitazifunika na nini.

Aliyenipigia simu ni fundi cherehani wa chini ya ngazi zake, mjini. Kwetu Kinoo mtu akifa kuna mikutano, kuna mchango, kuna kungoja wa mbali wafike, na wiki inaweza kupita kabla hajazikwa. Nikapanga niende kesho yake na chupa ya chai na mkate, nikae na wafiwa. Nilipofika Ijumaa fundi cherehani aliacha kukanyaga mashine yake akaniangalia kwa huruma. Akaniambia Karani alizikwa jana ileile, kabla ya jua kuchwa, na jamaa zake wamesharudi pwani kwa basi la usiku. Nikabaki nimesimama kwenye ngazi na chai ya moto. Mwishowe nilimmiminia fundi akanywa.

Kwa kuwa sikupata mahali pa kumlilia, naandika. Mimi si msomi, niliachia kidato cha pili, na mengi ya kazi yake niliyaelewa nusu. Nitasema yale niliyoyaona.

Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa karani miaka mingi katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi yao ya Nairobi ikafungwa, yeye akabaki na cheo. Alikodi chumba ghorofa ya tatu karibu na barabara ya Luthuli, akakigawa kwa pazia: huku kitanda, huku kompyuta. Alijipatia riziki kwa kuwapigia watu chapa barua na maombi ya kazi. Lakini kazi aliyoiita kazi ilikuwa nyingine.

Niieleze, maana hata jamaa zake sidhani waliielewa. Kompyuta haiwezi kufanya lolote bila mfumo wa kuiendesha. Mfumo ambao wengi wetu tulikuwa nao siku zile ulikuwa wa kunakiliwa kwa wizi, umenunuliwa barabarani ndani ya mfuko wa nailoni. Kulikuwa na mwingine, Linux, uliotengenezwa na watu wa nchi nyingi wakautoa bure, kwamba anayeutaka autumie, aunakili, ampe na jirani. Taabu ilikuwa kuupata. Ulikuwa faili moja kubwa kule kwenye intaneti, na intaneti yetu ilidondoka kama mfereji wa Kangemi. Faili lilichukua siku kadhaa kushuka. Umeme ukikatika linaendelea lilipoachia, na pale penye kiungo ndipo kasoro hupenya. Karani alilishusha, akalichoma kwenye diski, akahakikisha ni zima, akampa mtu. Diski tupu ulileta wewe mwenyewe. Yeye alikupa mfumo na maneno mengi.

Kuchoma ndilo neno la kazi hiyo, na lilimletea mizaha. Mkabala na jengo lake palikuwa na hoteli ya nyama, na wachomaji walimwona akipita na furushi lake wakamuuliza amechoma ngapi leo. Alisimama akawajibu kwa uzito wote: "Nimechoma nne. Mbili zimeungua." Kisha akauliza zao zimeungua ngapi. Wakacheka kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza.

Nyingi ziliungua kweli. Diski tupu za mtaani zilikuwa hafifu, na watu walitaka zichomwe haraka. Yeye alichagua mwendo wa chini kabisa ambao mashine inakubali. Ukimharakisha alisema, "Moto mkali ni wa mwenye njaa. Mimi nimeshakula." Wakati huohuo hakuwa amekula. Alikuwa na kisukari na alisahau mlo, kisha akanywa chai iliyojaa sukari mpaka kijiko kinasita. Nilipomkemea alisema daktari wake ni kijana na atajifunza.

Diski ikitoka aliishika kwa ncha za vidole, akaipeleka dirishani na kuigeuzageuza, kama mama anayekagua mayai. Juu yake hakuandika kitu mpaka aihakikishe. Mezani pake diski yenye maandishi ilikuwa nzima, isiyo na maandishi haikuaminiwa. Zilizokufa alinipa mimi. Nilizipeleka kwa mama yangu Kinoo akazining'iniza kwa uzi katika shamba la mahindi zifukuze ndege. Ziling'aa pale mpaka watu wa barabarani wakageuza shingo. Mama alisema Mwislamu wangu ana baraka, kwa sababu hata vilivyomshinda vinafanya kazi.

Sasa kuhakikisha. Watengenezaji wa mfumo walipoliweka faili kwenye intaneti waliweka pia mstari wa tarakimu na herufi, ambao Karani aliuita alama ya kidole. Faili lako likishashuka unalipitisha kwenye programu ndogo nayo inakutolea mstari wake. Mistari ikiwa sawa, ulicho nacho ndicho walichotoa wao. Na hapa alituonya mara nyingi: kasoro ikiwa chembe moja tu, mstari hautofautiani mahali pamoja, unabadilika wote. "Uwongo mdogo haupo hapa," alisema. "Ama lenyewe, ama silo."

Hata hivyo hakutosheka. Ule mstari wenyewe uliandikwa na nani? Mtu mbaya anaweza kuharibu faili na kuandika mstari mwingine unaolingana na uharibifu wake. Kwa hiyo watengenezaji huutia sahihi, si ya kalamu bali ya hesabu, nayo huja katika faili lake dogo na ina namna yake ya kukaguliwa. Hilo lilimfurahisha kupita yote, kwa sababu lilimrudishia ukarani wake. Hati isiyo na sahihi, alituambia, ni karatasi ya kufungia karanga.

Nilikutana naye kwa ajili ya darasa. Nilikuwa na kompyuta sita kuukuu zilizotupwa na ofisi moja ya Westlands, na kanisa letu lilinipa chumba cha nyuma nifundishe kupiga chapa. Wanafunzi wangu walikuwa wanawake wa Kangemi, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani kule Muthangari. Waliteremka bonde alasiri ya mapumziko wakiwa bado wananuka sabuni ya kufulia. Siku ya kwanza Karani alipokuja aliacha viatu mlangoni. Wanawake wakacheka, na Rhoda, aliyekuwa na mdomo kuliko wote, akamwambia, "Karani, hapa si msikiti, ni kanisa." Akamjibu kwamba vumbi halina dini, linaingia kwenye mashine za wote. Tangu siku hiyo sote tuliingia peku.

Rhoda nitamweleza kidogo, kwa sababu bila yeye hamtaelewa tulihangaikia nini. Alikuwa mfanyakazi wa mama mmoja daktari mwenye kliniki. Msichana wa mapokezi wa kliniki ile alikuwa aolewe, na daktari alimwambia Rhoda kwamba Januari, akiweza kuandika barua na kupanga orodha ya wagonjwa kwenye kompyuta mbele ya macho yake, atavua aproni akae pale mbele. Rhoda alikuwa na watoto wawili kwa mama yake Kakamega, na nafasi za namna hiyo alikuwa hajawahi kuziona zikimjia mtu wa aina yetu. Alifanya mazoezi ya vidole hata juu ya meza ya jikoni. Wengine nao walimtazama. Akipita yeye, na wao wangeanza kuomba kazi.

Taabu ilianzia kwa mwenyekiti wa kamati ya kanisa. Alikuwa mtu mwema na mwoga. Alisikia kwamba mjini watu wananyang'anywa kompyuta zenye mfumo wa wizi, akaja kuniuliza zetu zina nini. Nikamwambia ukweli. Akasema nyumba ya Mungu haiwezi kuhifadhi kitu cha wizi, na kwamba ibada ya mavuno ikifika, wazee wa parokia watakapokuja kukagua, anataka awaonyeshe mashine safi, la sivyo chumba kitakuwa cha chekechea. Nilikwenda kwa Karani. Hakuniuliza chochote ila siku ya mavuno ni lini. Akasema, "Nitakuletea kilicho halali, Mama Wambui. Kwa mkono wangu."

Hapo lazima niseme kwamba mtu huyu wa halali alikuwa na rafu nzima ya kanda za taarabu, na hakuna hata moja iliyonunuliwa kwa mwenyewe. Zote zilinakiliwa. Rhoda alipozigundua alipiga makofi kwa furaha. Karani alizitazama kanda zake muda mrefu, akasema hilo atalijibu mbele ya Mola, na akaomba tusimharakishe kufika huko.

Faili alilishushia Westlands, katika duka la intaneti, saiba tunavyoita, kwa sababu mstari wa simu wa kwake ulikuwa umekatwa. Mwenye saiba, Baba Shiro, mtu mnene wa vichekesho, alimwachia kompyuta moja nyuma ya kaunta ifanye kazi hiyo tu. Karani alimwelekeza: faili likiisha, angalia mstari kama unalingana, na angalia kama pana sahihi.

Liliisha Ijumaa, mavuno yakiwa Jumapili. Mjini umeme ulikuwa haupo tangu asubuhi. Karani alipiga simu saiba kwa simu yake ya mkononi, mimi nikiwa nimesimama karibu naye ngazini. Aliuliza kwa Kiswahili chake cha pwani, "Ni sahihi?" Nikasikia sauti ya Baba Shiro ikitoka kwenye simu, kubwa na ya furaha: "Iko sahihi, mzee. Wewe kuja tu."

Nataka msomaji aelewe, kwa maana sijawahi kuona neno dogo likifanya uharibifu kama huu. Kwa Karani kuna "ni sahihi," yaani halina kosa, na kuna "ina sahihi," yaani imetiwa mkono. Sisi wa Nairobi tunasema "iko" kwa yote mawili. Iko sawa, iko maji, iko shida. Alipofika mjini zamani, "iko" zetu zilimkera, lakini alikwisha kuzizoea na kuzitafsiri kimya kimya bila hata kujua anatafsiri. Baba Shiro alikuwa ameona faili la sahihi limekaa pale kwenye orodha, akajibu kwamba lipo. Karani akasikia kwamba mfumo hauna kosa.

Tulipita saiba, Baba Shiro akalichoma faili kwenye diski sita, tukaenda moja kwa moja Kangemi. Jumamosi asubuhi mwenyekiti alikuja na kiti chake akaketi kutazama. Karani aliweka diski moja kwenye mashine ya kwanza na kuipitisha kwenye programu yake ya kuhakikisha, maana hilo hakuacha hata siku hiyo. Mstari ukatokea kwenye kioo. Akainama akausogelea karibu sana. Akatoa mfukoni karatasi yake yenye mstari wa watengenezaji, akaishika mbele ya macho, akaikunja tena. Akasema, "Tuendelee."

Desturi yake ilikuwa kujaribu kwanza mashine moja mpaka mwisho. Siku hiyo alikubali zote sita kwa zamu, ya pili ianze kabla ya kwanza kumaliza, kwa sababu mwenyekiti alikuwa akitazama saa. Hatua ya kwanza ya kuweka mfumo ni kufuta uliokuwepo. Ilifanyika vizuri kwenye mashine zote. Kisha ya kwanza ikasimama nusu na kuandika maneno ya kosa, halafu ya pili, halafu nyingine, kila moja ikisimama palepale. Kufikia saa sita mchana tulikuwa na masanduku sita matupu. Barua za mazoezi za wanawake, orodha za Rhoda za wagonjwa wa kubuni, zote zilikuwa zimekwenda.

Mwenyekiti aliuliza kama hivyo ndivyo zinavyotakiwa kuwa.

Jioni nilirudi saiba na Karani. Nilidhani atafoka. Alimuuliza Baba Shiro kwa adabu, kama wa ofisini, kwamba je, hakumuuliza kama ni sahihi?

Baba Shiro akasema, "Uliniuliza. Nami nikakwambia iko. Na iko, mzee, si ndiyo hii?" Akageuza kompyuta. Faili la sahihi lilikuwa pale. Mstari hakuuangalia, alisema aliona zile namba nyingi zikamchanganya, akadhani sahihi ndiyo kubwa.

Karani aliinama kutazama, akakaa hivyo. Kisha akasema, "Ulisema kweli," akatoka nje.

Nje, kwenye baraza la duka, aliniambia lile ambalo Baba Shiro hakuweza kulijua. Asubuhi ile ya Kangemi hakuona kitu kwenye kioo. Aliona weupe. Macho yalikuwa yamemwacha kidogo kidogo tangu mwaka uliotangulia, kwa ile sukari, naye aliendelea kuhakikisha kwa kuweka herufi kubwa, kisha kubwa zaidi, mpaka siku hiyo mbele ya mwenyekiti na wanawake akashindwa kusema nisomeeni. Alitegemea neno la simu. Aliniambia hivyo akitazama barabara, na sikujua kama aliiona barabara.

Mwenyekiti, nimpe haki yake, hakutufukuza siku ya mavuno. Aliwaambia wazee kwamba mashine ziko safi, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa namna yake. Akatupa mpaka shule zifunguliwe Januari. Zikifunguliwa kabla kompyuta hazijafanya kazi, chekechea wataingia.

Hiyo Desemba ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Karani aliacha kutumia lile neno. Hakusema tena sahihi kwa maana yoyote. Alisema "ni lilelile" na "limetiwa mkono," na sisi tukakatazwa pia. Tena hakuhakikisha peke yake. Alitaka watu wawili, msomaji na msikilizaji, kama watoto wa chuoni, wa madrasa, wanavyosikilizana aya. Msomaji anasoma mstari wa kwenye kioo mbili mbili, msikilizaji ana karatasi mkononi, na kila zikilingana anasema "naam." Zisipolingana ananyamaza.

Hapo nako tulikwama kwenye ndimi. Herufi za mstari zinaanzia a mpaka f, na sisi wengine tulizisoma kama tulivyofundishwa shule, kwa Kizungu, kwa hiyo e ya mmoja ilikuwa i ya mwingine. Mimi b yangu hutoka na m mbele yake na d yangu na n, nimezaliwa hivyo. Karani alisikiliza vurugu hiyo akashika kichwa. Akazibatiza: asali, bamia, chapati, dengu, embe, figo. Ikawa chumba chake kinasikika kama jiko. Dengu saba, naam. Tatu asali, naam. Fundi cherehani aliuliza tumefungua hoteli lini.

Tulicheka, lakini diski hazikutoka. Baba Shiro, kwa majuto, alituachia kompyuta ile bila kutudai. Faili lilishuka likafika karibu na mwisho, umeme ukakatika, likakataa kuendelea, likaanza upya. Lilishuka tena likaisha, tukasoma, msikilizaji akanyamaza. Mara moja faili lilikuwa lenyewe, tukaruka kwa furaha, na diski zote tulizochoma zikatoka mbovu, na tuliporudi kununua nyingine tukakuta kompyuta ya Baba Shiro imeliwa na virusi na faili halipo. Karani alikuwa na kidonda mguuni kisichopona. Alipanda ngazi zake akishika ukuta. Alikataa kulazwa hospitali kwa sababu alisema huko hawatamruhusu kuchoma, na muuguzi akisikia hivyo atamwelewa vibaya.

Krismasi ilipopita Rhoda alimjia na ombi. Alisimama pale penye pazia bila mzaha wowote. "Karani, tuweke hiyo ya wizi. Wiki moja tu. Nifanye ule mtihani wa daktari, halafu ufute."

Karani alipapasa diski zake mezani.

"Mungu wako na Mungu wangu wote wawili wataelewa."

"Mungu ataelewa, mwanangu," akasema Karani. "Sina wasiwasi na Mungu. Mwenyekiti je?"

Rhoda hakucheka. Akamwambia, kwa sauti ndogo, kwamba yeye Karani alitoa mkono wake, na mkono wake umewafanya wakose hata kile cha wizi walichokuwa nacho. Ni mimi niliyetaka kumnyamazisha. Karani akaniambia nimwache, amesema lililopo. Kesho yake alinituma nimwambie Rhoda kwamba iwapo atapata mashine mahali pengine, yenye mfumo wowote, aende bila kumwangalia yeye. Rhoda alikuwa ameshatafuta. Hakukuwa na mahali.

Faili la mwisho liliisha Jumanne, tarehe tisa. Chumba kilikuwa kikabidhiwe Jumatano asubuhi. Baba Shiro aliichoma diski kwa mwendo wa chini kabisa, na mara tu ilipotoka umeme wa Westlands ukakatika, kwa hiyo hatukuweza kulihakikisha faili pale. Mimi na Rhoda tuliibeba mpaka mjini, yeye akiwa ameiweka ndani ya sweta yake, kifuani.

Karani alikuwa kitandani, pazia limefunguliwa. Mguu ulikuwa umefunikwa lakini harufu yake ilijaa. Macho yalikuwa wazi na hayakutufuata tulipoingia. Alitujua kwa miguu. Akasema, "Iwekeni. Rhoda asome, wewe Mama Wambui sikiliza."

Rhoda akaketi mbele ya kompyuta, mgongo wake kwetu. Mashine ilisoma diski muda mrefu, ikitoa ule mlio wake. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa kitanda na karatasi, mstari uliotiwa mkono, nilioukopi mwenyewe na kusikilizwa.

Mstari ukatokea. Rhoda akavuta pumzi akasoma, "Dengu tatu."

Karatasi yangu ilianza na saba embe.

Sikusema kitu. Rhoda hakugeuka, nadhani alidhani nimechelewa tu. Akasoma, "Tisa tisa." Kwangu palikuwa na bamia sifuri.

Karani akageuza uso upande wangu. "Sijakusikia, Mama Wambui."

Nitasema kilichonipita moyoni. Mtu huyu alikuwa anakufa, tulijua sote watatu. Hakuwa na njia ya kuona karatasi yangu wala kioo. Rhoda alikuwa hajui karatasi ina nini. Neno moja, naam, mara kumi na sita, na Karani angelala akijua mkono wake umetimiza. Tena kesho chumba kingechukuliwa hata diski ingekuwa nzima, maana kwa saa zilizobaki tungeweza labda mashine moja. Hiyo moja ingemtosha Rhoda. Niliyafikiria hayo yote. Kinywa changu hakikufunguka kwa neno lile.

"Silo lenyewe, Karani," nikasema.

Rhoda akaacha kusoma. Aliweka mikono yake mapajani.

"Tangu mwanzo?" Karani akauliza.

"Tangu mwanzo."

Chini fundi cherehani alikuwa akishona, tukasikia mashine yake ikienda na kusimama. Kisha Karani akasema, "Endelea, Rhoda. Usome mpaka mwisho."

Rhoda akasema haulingani, una faida gani.

"Ndio wa diski hii. Soma."

Akasoma. Alisoma mbili mbili, polepole, na baada ya kila mbili aliacha nafasi ya msikilizaji, kwa mazoea, na hakuna aliyejibu. Karani alisikiliza amefumba macho, midomo yake ikisogea kidogo. Ulipoisha aliniomba nimnyooshee mto, nikamnyooshea. Alimuuliza Rhoda daktari anaondoka nyumbani saa ngapi asubuhi. Rhoda akamwambia saa moja, na kwamba ameshamwambia daktari asimngoje, ampe mwingine ile kazi.

"Lini?"

"Jana."

Karani akatikisa kichwa. Baadaye kidogo akasema umeme wa siku hizi si wa kuaminika, tuizime kompyuta kabla haujakatika, tena tuizime kwa utaratibu, tusiinyofoe tu ukutani. Rhoda akaizima. Tukangoja, sote watatu, mpaka feni yake ikanyamaza.